UZI: Mabua ni ya nani? Miaka saba ya kuzuia maji na udongo visikimbie shamba langu, Kongwa

mlimamtama:

Wakuu habari za jioni. Huu uzi niliuahidi kwenye ule mjadala wa ukame nkawa naahirisha kila siku, leo nimekaa na daftari langu la shamba acha niandike yote. Utakua mrefu, mnivumilie.

Nalima Kongwa, Dodoma. Ekari sita, mtama ndio mkubwa, halafu karanga, mbaazi na alizeti kidogo.

Wazee wa huku bado wanasimulia ule mpango wa karanga wa Mwingereza. 1947 walileta matrekta na mabuldoza wakang'oa pori, nia yao walime karanga za kutoa mafuta ya kupeleka kwao, kufika 1951 wamefunga virago na pauni milioni 36 zimeteketea. Udongo wa huku ukiuacha uchi ukapigwa na jua unakua tofali, na mvua nayo ikawakimbia. Nimeuleta huu mpango kwa sababu mimi mwenyewe kwa miaka mingi nlikua nafanya vilevile kwa kipimo kidogo, plau ya ng'ombe badala ya buldoza, na ikifika mwezi wa kumi kiberiti, nasafisha shamba mpaka linang'aa. Shamba safi huku ndio sifa ya mkulima, ukiacha mabua yamelala watu wanasema huyu mvivu.

Sasa mvua. Kila mtu anasema imepungua. Mimi nna kipima mvua tangu 2017 na ninachokiona kwenye daftari sio hicho hasa. Dodoma ni mkoa wa milimita 550 mpaka 600 hivi kwa mwaka, msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kwangu jumla ya mwaka inapanda inashuka hapohapo, ila jinsi inavyokuja ndio sio ile nliyokua nayo utotoni. Inachelewa kuanza, ikija inamwaga kwa mkupuo, alafu Februari inakata wiki tatu nzima mtama ukiwa ndio unataka kubeba.

Pigeni hesabu na mimi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Ekari ina mita za mraba 4,047. Kwaiyo mvua ya milimita 20, ambayo ni ya jioni moja tu, inamwaga kwenye ekari lita 80,000, ndoo 4,000 za lita ishirini. Hakuna mtu anaweza kubeba ndoo 4,000 kichwani kupeleka shambani, lakini zinaletwa bure na sisi tumesimama mlangoni tunaziangalia zinaenda korongoni zimebeba samadi na udongo wa juu, rangi kama chai ya maziwa. Siku nlipoandika hiyo hesabu nlijisikia vibaya sana, yaani nlikua naomba mvua huku nayafukuza maji.

Nikaanza na mashimo ya Chololo, yamepewa jina la kijiji cha hukuhuku Dodoma. Shimo upana sentimita 22 hivi, kina 30, toka shimo hadi shimo sentimita 60, mstari na mstari 90, ule udongo unauweka kama kingo upande wa chini. Ekari moja inachukua mashimo kama 7,500. Ndio, elfu saba na mia tano, nasema ukweli mtu asije akanilaumu. Udongo mkavu wa mwezi wa tisa siku nzuri nlikua nachimba 150, kwaiyo mwaka wa kwanza nlifanya robo ekari tu na wiki mbili zilikatika mikono ina malengelenge. Kila shimo kopo la samadi, unarudishia udongo kidogo linabaki kama bakuli la lita tano hivi. Zidisha lita 5 kwa mashimo 7,500 muone maji yanayobaki shambani badala ya kwenda korongoni.

Mwaka ule Februari ikakata siku 19 (nimeangalia daftari sa hivi). Mtama wa kwenye plau ulijikunja majani kama vitunguu kufika siku ya tisa, ule wa mashimo ulianza kujikunja ya kumi na tano. Robo ekari ikanipa gunia mbili kasoro, wakati kule kwingine ekari nzima ilinipa tatu. Nikasema basi nimepata dawa.

Sikua nimepata dawa. Hapa ndio kiini cha uzi.

Kilimo hifadhi kina miguu mitatu, usisumbue udongo, ufunike mwaka mzima, ubadilishe mazao. Mguu wa kwanza na wa tatu ni wa kwako mwenyewe, ukiamua umeamua. Mguu wa pili sio wako. Mwaka wa pili nikavuna, nikalaza mabua yote chini vizuri kabisa, nikaenda msiba Mpwapwa siku nne. Narudi shamba limelambwa, hakuna bua, zimebaki kwato na mavi. Na ule udongo niliokua nimeulainisha umekanyagwa umekua kama barabara.

Nlitaka kwenda kugombana. Baba yangu mdogo akaniambia kaa chini kwanza. Akanikumbusha kwamba huku kwetu ukishavuna shamba linafunguka, mabua ni ya ng'ombe wa kila mtu, na hata mimi mbuzi zangu zimekula mabua ya watu miaka yote bila kuomba ruhusa. Jirani yangu hajaniibia. Amefuata desturi, mimi ndio nimebadilisha desturi kichwani mwangu peke yangu bila kumwambia mtu.

Kwaiyo kazi kubwa ya hii miaka saba haikua jembe, ilikua vikao. Nikawaendea majirani saba tunaopakana, mashamba yetu yote yanatengeneza kipande kimoja kama ekari arobaini. Sikuanza na mambo ya udongo, nilianza na ng'ombe, nikauliza mwezi wa kumi na kumi na moja ng'ombe wenu wanakula nini? Kila mtu akasema ndio miezi ya njaa. Mabua yanaliwa yote Julai na Agosti yakiwa tele, nusu yanakanyagwa yanapotea, alafu Oktoba hakuna kitu. Tukakubaliana mabua ya juu, yale yenye majani, tuyakate tuyatunze wagawiwe wenye ng'ombe mwezi wa kumi. Ya chini kuanzia gotini yanabaki shambani, na kipande hakiingiliwi. Anayeingiza analipa.

Ilivunjwa mwaka wa kwanza mara mbili. Mwaka wa pili tukaipeleka mkutano mkuu wa kijiji ikajadiliwa mpaka jioni, baadae ikapitia halmashauri ikawa sheria ndogo. Sio kijiji kizima kinafuata, nisiseme uongo, lakini kile kipande chetu kinajulikana.

Msimu wa El Niño 2023/24 ndio ulionipima kwa upande wa pili, maji mengi kupita kiasi. Makinga maji yangu matatu (yale matuta ya kuzuia maji kwenye mteremko) yalishika, la nne lilipasuka, na kosa ni langu, nlilipima kwa macho badala ya fremu A, ile ya miti ya kupimia usawa, kwa sababu nlikua nimechoka, likawa na mteremko pembeni maji yakajikusanya yakatoboa. Karanga za robo ekari zikaenda.

Sa hivi mtama nakaa gunia sita mpaka nane kwa ekari, mwaka mbaya nne. Maswali karibuni, nna daftari hapa.

bwana_mashaka:

Mkuu hongera ila mimi nna wasiwasi na hii kitu. Mashimo 7,500? Nani ana nguvu hiyo jamani, vijana wote wako Dodoma mjini wanaendesha boda. Ukiweka vibarua kila shimo wanataka hela, gunia zote zinaishia hapo. Mradi mmoja ulikuja kwetu wakachimbisha watu wakapiga picha wakaondoka, mwaka uliofuata hakuna aliyechimba hata shimo moja.

mlimamtama:

Mkuu Mashaka unasema kweli na mimi sio wa kubisha hilo. Ekari sita zote sijachimba mashimo na sitachimba. Nna ekari moja na nusu ya mashimo, ile ambayo udongo wake umechoka kabisa, na faida yake ni kwamba shimo ukishalichimba hulichimbi upya, kila mwaka unafukua kidogo na kuongeza samadi. Sehemu nyingine natumia ripa ya ng'ombe, ile inachana mstari tu bila kugeuza udongo. Plau miaka yote inapita kina kilekile, chini inatengeneza tabaka gumu, mizizi ikifika pale inakunja kona. Chimba mtama wako uangalie mzizi, utauona umelala. Ripa ikipita chini ya tabaka lile maji yanazama. Ekari moja inachukua nusu siku kwa ng'ombe wawili, na unaweza kuipitisha mwezi wa kumi kabla ya mvua, wakati kila mtu bado anasubiri udongo ulainike apate plau ya kukodi. Wiki mbili unazookoa pale ni kubwa kuliko mbolea.

Na nyongeza kwa wa Dodoma, msichanganye hii na kuberega. Nasikia watu wanasema aah hiyo kutolima babu zetu walikua wanafanya. Kuberega unakwangua majani, unakusanya, unachoma, alafu unapanda kwenye udongo mgumu ulio uchi. Ni kweli hujalima, lakini umechoma blanketi. Maji yatakimbia palepale.

ng'wana_Kwimba:

Wakuu kwa sisi wa Usukumani hii ya kufunga eneo sio ngeni, ni ngitili. Babu zetu walikua wanafunga sehemu mvua zikianza, nyasi zinakua, zinafunguliwa kiangazi kikali kwa ajili ya ndama na ng'ombe wa maziwa na wale wagonjwa. Iliharibika, kwanza mapori yalifyekwa miaka ya mkoloni kupambana na mbung'o, baadae pamba, baadae vijiji vya ujamaa watu wakahamishwa wakaacha ngitili zao huko nyuma. Shinyanga ikafika mahali ikaitwa jangwa.

1986 ndio ukaanza mpango wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzo walitaka kupandisha watu miche kwenye vitalu, baadae ndio wakaona kwamba wananchi wana kitu chao tayari, ngitili, wakaipa nguvu hiyo. Zilizokua hekta mia kadhaa mwanzoni zikaja kufika zaidi ya 300,000. Na zinalindwa na dagashida, mkutano wa jadi, sio askari. Ukiingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mtu utaitwa mbele ya wazee na sungusungu wapo, hutaki kuitwa.

Nachotaka kusema mkuu ulichofanya na majirani zako ni ngitili ya mabua.

mlimamtama:

Mkuu ng'wana Kwimba hiyo "ngitili ya mabua" naichukua, kwenye kikao kijacho nitaitumia, maana kuna Wasukuma wamehamia huku na ukiwaambia kilimo hifadhi wanakuangalia tu, ukiwaambia ngitili wataelewa kabla hujamaliza sentensi.

mchungaji wa Hogoro:

Nimesoma yote. Mimi ni mfugaji, nataka niongee kwa adabu ila niongee. Kila mkiandika uzi wa namna hii ng'ombe ndio mbaya. Mkulima anafunga shamba, mwekezaji amefunga, hifadhi imefungwa, mabua sasa nayo mnafunga, sisi ng'ombe tuwapeleke wapi? Na samadi mnayoweka kwenye hayo mashimo inatoka tumboni mwa nani? Wakati wa ukame wa juzi nimezika ng'ombe kumi na moja. Mtu aliyezika ng'ombe kumi na moja umwambie mabua haya ni blanketi la udongo hakuelewi.

mlimamtama:

Ndugu yangu pole sana, kumi na moja ni msiba kabisa. Na unachosema ndio sababu nimeandika kichwa cha uzi hivyo. Bila ng'ombe mimi sina samadi, na bila samadi yale mashimo ni mashimo tu.

Mwaka wa kwanza kilichotuvunjia makubaliano ni hicho hicho. Tulikua tumewaita wenye mashamba peke yao, mfugaji ambaye hana shamba kwenye kile kipande hatukumwita, na yeye ndio mwenye ng'ombe wengi. Kwa nini afuate makubaliano ambayo hakuyasikia? Mwaka wa pili tulimwita, na ndio yeye aliyetoa wazo la kuyatunza kwenye vichanja, sio mimi. Akasema mkinihakikishia mabua makavu mwezi wa kumi mimi silisongeshi zizi langu huku Julai, na samadi yangu mje mchukue kwa mkokoteni. Kijijini kwetu sa hivi mkokoteni wa samadi unabadilishwa na mikokoteni miwili ya mabua. Haijaandikwa popote ila inafuatwa kuliko ile iliyoandikwa.

Binti Irangi:

Mimi ni wa Kondoa, naomba niongeze kwa sababu kwetu tuliliona hili kwa ukubwa wake. HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, kuna watu hapa hawajazaliwa. Milima ya Irangi ilikua imeliwa na makorongo, mchanga unashuka kuzika mashamba ya bondeni. Wakachimba makinga maji, wakapanda miti, haikutosha, 1979 serikali ikaamua mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, kilometa za mraba zaidi ya 1,200. Yote. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Bibi yangu alikua anasimulia siku ile wanaswaga ng'ombe kutoka anasema watu walilia kama wametoa jeneza.

Na ardhi ilipona, siwezi kuficha. Ukija leo uone ile miti na yale makorongo yaliyojifunga. Mito ya mchanga ikaja kulimwa viazi vitamu na miwa. Ila bibi hakusamehe mpaka anakufa, maziwa yaliondoka mezani miaka kumi, mpaka mwishoni mwa miaka ya themanini ndio wakaruhusu ng'ombe wa kufungia ndani. Na wale ng'ombe waliotolewa hawakuyeyuka, walikwenda kukanyaga ardhi ya watu wengine nje ya mpaka.

Kwaiyo nikimsoma huyu mchungaji wa Hogoro namuelewa kabisa. Ardhi inaweza kupona na watu wakabaki na kidonda.

mtu_wa_Mgeta:

Dada Irangi umenikumbusha kwetu Uluguru. 1955 watu walikataa kulimishwa matuta ya ngazi ya mkoloni mpaka ikawa vurugu, mtu akafa. Babu alikua anasema lile tuta lenyewe halikua baya kwa mteremko wetu, lakini limekuja na faini na kiboko, nani atalipenda? Watu wakaja kuyabomoa au kuyaacha. Wakati mwingine kitu kizuri kinaharibiwa na mkono uliokileta.

Kamba wa Mwala:

Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania, mimi niko Machakos upande wa Mwala. Hiyo maneno ya kulazimishwa hata sisi tunaijua, 1938 wazee wetu walitembea hadi Nairobi na kiongozi wao Muindi Mbingu kwa sababu serikali ilikua inachukua ng'ombe ati ni wengi wanaharibu ardhi. Lakini baadaye watu wakajichimbia wenyewe, kwa mwethya, ile ya wamama na majirani wanachimba kwa mmoja leo, kesho kwa mwingine. Ndio maana ukienda Ukambani leo kilima chote kiko na ngazi.

Sisi tunachimba fanya juu. Unachimba mtaro kwa laini ya kontua, yaani ya usawa, mchanga unatupa upande wa juu, sio chini. Kila mvua inaleta udongo unajaa nyuma ya hiyo kingo na baada ya miaka shamba inakuwa bapa yenyewe. Nasikia hata wazungu wakiandika wanaandika tu fanya juu kwa Kiswahili. Juu ya kingo panda nyasi ya mifugo, napier ama makarikari, isikae bure. Ndugu mlimamtama hapo ndio naona jibu ya ile shida yako ya mabua, ng'ombe wapate chakula kwa kingo.

Swali, ile ya nne iliyopasuka uliweka mtaro wa kutoa maji ama ulifunga pande zote mbili?

mlimamtama:

Nilifunga kote kaka, nlikua na tamaa ya maji. Huku mvua ni ndogo kwaiyo tunafunga ncha zote ili maji yakae, lakini sikuacha hata mlango mdogo wa dharura. Sasa nimeacha sehemu moja nimepanga mawe, maji yakizidi kimo fulani yanatoka taratibu kwenye nyasi. Na nimerudia kupima na fremu A, miti mitatu, kamba na jiwe, hakuna kisingizio maana haina gharama.

Makarikari nimejaribu msimu uliopita kwenye kingo mbili, imeshika. Asante sana.

Mmatengo halisi:

Wakuu na sisi Mbinga tusisahaulike, ngolo. Wazee wetu walipanda milimani karne ya kumi na tisa wakikimbia vita vya Wangoni, huko juu mteremko ni mkali mno, wakabuni. Unafyeka majani unayalaza chini kama viboksi vya mraba, alafu unachimba katikati ya boksi udongo unafunika yale majani. Unabaki na mashimo kila mahali na matuta yamezunguka, maji yanatulia kwenye shimo na majani yanaozea ndani ya tuta yanakua mboji. Maharage kwanza, mwaka unaofuata mahindi, bila kulima upya. Zaidi ya miaka mia moja mlima ule ule.

Tatizo la sasa vijana wanataka kahawa na boda, ngolo ni kazi ya wanawake wengi zaidi, wanaume tunafyeka tu alafu mama ndio anachimba. Hilo tulitazame, tukisema kilimo cha asili tuangalie mgongo wa nani unaumia.

dada_wa_ugani:

Uzi mzuri sana huu, kazi yangu ndio hii kwaiyo niongeze mawili matatu ambayo watu wakiruka wanakata tamaa mwaka wa pili.

Moja, mabua ya mtama na mahindi ukiyaacha tele kwenye udongo uliochoka, mwaka wa kwanza mazao yanaweza kuwa manjano. Watu wanasema mabua yameua shamba. Wale wadudu wadogo wa udongo wanaoozesha mabua wanatumia naitrojeni ileile ambayo mmea unaihitaji. Ndio maana samadi iende kwenye shimo palepale kwenye mbegu, na ndio maana kunde, mbaazi au fiwi ziwepo kati ya mistari, hizo zinajitengenezea naitrojeni na zinafunika.

Mbili, magugu. Ukiacha plau magugu yatakuja kwa nguvu misimu miwili ya kwanza, jiandae na palizi ya juujuu mara tatu. Wengine wanakimbilia dawa ya kuua magugu, mimi simkatazi mtu ila naona watu wanapulizia wamevaa kandambili na mtoto yuko pembeni, hapana jamani. Na kwa wa mtama, kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Kikitoa ua la zambarau umechelewa, king'oe kabla, kikidondosha mbegu zinakaa ardhini miaka mingi. Kiduha kinapenda udongo uliochoka, ukipanda kunde na kuweka samadi kinapungua.

Tatu, bungua, yule mdudu anayetoboa mabua, anaweza kujificha kwenye mabua ya mahindi, kwaiyo usipande mahindi juu ya mabua ya mahindi mwaka hadi mwaka. Mguu wa tatu wa mlimamtama hapo juu sio mapambo.

bwana_mashaka:

Dada ugani mbaazi mnatuambia kila siku. 2017 India ilipofunga mlango bei ilianguka watu wakaacha mbaazi zikaozea shambani. Nilikua na gunia tisa, nimezila mwenyewe mpaka watoto wakakimbia.

dada_wa_ugani:

Kaka Mashaka naikumbuka, iliumiza wengi mno na sikushauri utegemee mbaazi kwa hela peke yake. Panda mistari michache ya kulinda udongo, majani yanaanguka yanafunika, kuni unapata, mboga unapata. Kikiuzika ni nyongeza. Anayekuambia panda ekari tano za mbaazi sababu bei iko juu mwaka huu huyo anakuongelea soko, mimi naongelea udongo wako.

mlimamtama:

Kuna kitu nlisahau kwenye andiko la kwanza, miti. Sijapanda mche hata mmoja. Nafanya kisiki hai. Shambani ukichimba kuna visiki bado viko hai, kila mwaka vinachipua na sisi tunafyeka kama magugu. Unachagua kisiki, unaacha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine unapogolea, unafunga kitambaa chekundu ili mchungaji na mwanao wajue hiki kinatunzwa. Mizizi iko chini tayari kwaiyo hauhitaji kumwagilia. Huko Niger kwa njia hiyohiyo wakulima wamerudisha miti kwenye hekta kama milioni 5 kwa miaka ishirini, na kule mvua ni kidogo kuliko Dodoma.

Nna mikababu mitatu sasa imenipita kimo. Mti ule ni wa ajabu, masika unapukutisha majani hauzibii mtama jua, kiangazi unakua kijani na maganda yake ng'ombe na mbuzi wanayapenda. Mchungaji wa Hogoro, maganda yale karibu uje uokote, kwa hilo sina mpaka.

mchungaji wa Hogoro:

Nitakuja. Na vichanja nataka nivione kwa macho, mnavifunikaje mvua ya kwanza isiyaozeshe?

mlimamtama:

Juu tunalaza nyasi kama paa la tembe lenye mteremko, chini vimeinuka kiuno ili mchwa wasipate njia rahisi, na nguzo tunapaka majivu. Karibu sana, njoo Jumamosi sio siku ya mnada.

Mama Neema 84:

Jamani mimi swali langu dogo tu. Shamba nalima la kukodi, kila mwaka nalipa elfu hamsini kwa ekari. Nikichimba mashimo nikaweka samadi mwaka wa kwanza, mwaka wa pili mwenye shamba akaona limependeza si atalichukua? Yamenikuta hayo, nilitengeneza shamba likakaa vizuri akampa mdogo wake. Mme wangu alifariki, upande wa kwao walichukua ardhi. Mnaongelea miaka saba, mimi nina uhakika na miezi saba.

mlimamtama:

Mama Neema swali lako sio dogo, limenikalisha hapa mpaka taa inataka kuzima.

Kwanza hiyo ardhi ya marehemu usiiache kimya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi na inasema desturi inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu. Nenda baraza la ardhi la kijiji ukiwa na mtu mzima unayemuamini, na ulizia wasaidizi wa kisheria wilayani, wengi hawatozi.

La shamba la kukodi, usichimbe mashimo mwaka wa kwanza, kweli ungekua unamtengenezea mwenzio. Fanya vinavyorudi msimu uleule, panda mapema, kunde katikati ya mtama, matuta yaliyofungwa kila baada ya hatua mbili maji yasitembee, mbegu ya muda mfupi kama Macia. Huo ni msimu mmoja na unavuna wewe. Alafu mwendee mwenye shamba kabla hajaona mabadiliko, mwambie nataka kukodi miaka minne kwa bei hii, nitakuachia makinga maji na samadi ndani, tuandikiane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi. Kwenye kipande chetu wako wawili wanaolima hivyo, mmoja ni mjane kama wewe. Yeye hakuomba peke yake, walienda wanawake watatu kwa mwenye shamba mmoja, akaona hawa ni wapangaji wa kudumu akakubali.

Kama uko karibu na Kongwa sema uko kata gani nikuunganishe nao, ni watu wa kuongea vizuri na makaratasi yao wanayo.

Mama Neema 84:

Niko Mpwapwa sio mbali. Asante mwanangu. Jumamosi hii nakuja Kongwa kuuza kuku, nitapita huko kwanza.